Mrusha mkuki anaishiwa kuanzia mrusho wa kumi na kiwiko kinauma. Tatizo ni mkono au nyonga?

Mwalimu_wa_Kibirizi

Habari za leo wakuu. Naandika kutoka Kigoma mjini. Kazi yangu ni ualimu wa sekondari, na jioni nasimamia vijana wachache wa riadha upande wa kurusha: mkuki, tufe na kisahani. Mimi mwenyewe nilirusha mkuki nikiwa chuoni, kwa hiyo ufundi wa mkono naujua kiasi. Yanayoendelea ndani ya misuli ndiyo yananipita, na kwa hilo nimekuja kwenu.

Nina kijana wa miaka 20, alimaliza kidato cha nne hapa hapa, sasa anafanya kazi. Anarusha kwa mkono wa kulia, mkuki wa wanaume wa gramu 800. Mrusho wake bora, niliopima mwenyewe kwa tepu, ni mita 57 na nusu. Kwa uwanja wetu wa nyasi na kokoto, na mkuki mmoja tunaopokezana watu watano, mimi naona ana kipaji cha kweli.

Shida yake iko hivi. Mirusho sita au saba ya kwanza inatoka safi kabisa, mkuki unaimba. Kuanzia wa tisa au wa kumi mambo yanageuka. Mkuki unaondoka pua ikiwa juu mno, unapungua mita sita hadi nane, na kiwiko chake kinashuka chini ya bega wakati wa kuachia. Akifika wa kumi na tano anashika kiwiko kwa ndani, upande wa kidole kidogo, anasema, "Mwalimu, mkono umekwisha."

Nikaamini ni mkono. Miezi miwili nimempa mazoezi ya mkono: kuvuta mpira, kujivuta kwenye bomba, dambeli tulizotengeneza kwa kopo na saruji. Kujivuta ametoka mara sita hadi kumi na moja. Mkono umepata nguvu, hilo halina ubishi. Lakini mrusho wa kumi uko vile vile, na kiwiko kinauma vile vile.

Wiki iliyopita nikamrekodi kwa simu, nikaangalia polepole. Mrusho wa tatu: mguu wa kushoto unatua mbele, goti limenyooka, kiuno kimekaa sawa. Mrusho wa kumi na mbili: mguu ule ule unatua, kisha mwili wote unalalia kushoto juu yake, na mkanda wa bukta unaonekana umepinda. Nimerudia kuangalia hadi betri ikaisha. Sasa najiuliza, inawezekana kiwiko kikauma kwa sababu ya nyonga?

Ratiba yetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tunaanza na kupanda kilima mbio mara sita, tunanyoosha viungo, ndipo tunarusha. Kitu kingine kinachonichanganya: kuna wiki huyu kijana hana tatizo hata kidogo, anarusha ishirini na anacheka. Halafu zinakuja wiki mbili anakuwa mtu mwingine. Sijaona mpangilio wowote. Naomba msaada, maana nikiendelea kubahatisha naweza kumharibu.

Kisahani_Kongwe

Salaam mwalimu. Niko Tabora, nimerusha kisahani miaka mingi na nimefundisha vijana zaidi ya ishirini. Sisi tumekua tukilisikia jina la Zakayo Malekwa, aliyeiwakilisha Tanzania kwenye mkuki katika Olimpiki za Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Wakati wetu hakuna aliyempima mtu nyonga. Mtu alirusha, akarusha, akarusha tena mpaka mwili ukazoea.

Maoni yangu ni kwamba kijana bado hajakomaa bega. Mirusho kumi na tano ni michache. Mpeleke taratibu hadi thelathini, kiwiko ukikande kwa maji ya moto jioni. Na hivyo vilima msiviache, vinajenga miguu. Kijana wa siku hizi ukimwonea huruma kila anapolalamika hafiki popote.

Ila hilo la mkanda wa bukta kupinda, kusema kweli hata mimi limenigusa. Wanaojua wachangie.

Fizio_Isevya

Mwalimu, shikamoo, na mzee wangu Kongwe shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, niko Tabora. Siwezi kumpima mtu kupitia simu, lakini ulichokieleza kimekaa vizuri kiasi kwamba naweza kukuonyesha pa kutazama.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Katika kurusha, nguvu haianzii mkononi. Nusu yake au zaidi inatoka miguuni, nyongani na kiwiliwilini, na mkono unaipokea mwishoni na kuongeza chake. Hatua ya mwisho ya mrusha mkuki wa kulia iko hivi: mguu wa kulia unatua, nyonga ya kulia inasukuma mbele, halafu mguu wa kushoto unatua mbele ukiwa umenyooka na kuufungia mwili breki. Sehemu ya chini ikisimama ghafla, ile kasi ya mbio haina pa kwenda ila juu: kiunoni, kifuani, begani, kwenye kiwiko, kwenye mkuki. Tafuta video ya Julius Yego, Mkenya aliyerusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Simamisha picha pale mguu wake wa kushoto unapogusa chini.

Sasa, kwa kitambo kidogo sana mwili wote unasimama juu ya ule mguu mmoja. Kinachozuia kiuno kisipinde ni msuli ulio ubavuni mwa nyonga, chini kidogo ya mfupa unaoushika ukiweka mkono kiunoni. Madaktari wanauita gluteasi midiasi. Ukichoka, kuna mambo mawili: ama upande wa pili wa kiuno unadondoka, au mtu analaza kiwiliwili juu ya mguu aliosimamia ili asianguke. Daktari wa upasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alilieleza jambo hili tangu 1895 kwa wagonjwa waliokuwa wakichechemea, na hadi leo kipimo kinaitwa kwa jina lake. Wewe umeliona kwenye simu yako kwa mtu mzima wa afya, baada ya mrusho wa kumi na mbili.

Angalia kinachofuata. Kiwiliwili kikilalia kushoto mapema, breki imelegea na kasi imevuja pembeni. Bega la kulia halifiki mahali pake kwa wakati. Kijana anahisi mkuki hauendi, kwa hiyo anaulazimisha kwa mkono peke yake, kiwiko kikiwa chini. Mzigo ambao ulitakiwa kubebwa na kiuno unaangukia kano za ndani ya kiwiko. Ndiyo maana kujivuta kwenye bomba hakujamsaidia. Umemwongezea nguvu anayepokea mzigo, na aliyeutupa mzigo bado kachoka.

Watu wakisikia habari ya kiwiliwili imara wanafikiria tumbo lililogawanyika vipande. Kiwiliwili ni sanduku: mbele tumbo, nyuma misuli ya mgongo, juu kiwambo cha kupumulia, chini sakafu ya nyonga. Sanduku hilo limekaa juu ya nyonga mbili. Nyuma, kalio la kushoto na ule msuli mpana wa mgongo wa upande wa kulia vinakutana kwenye utando mgumu hapa kiunoni, yaani nyonga ya kushoto na mkono wa kulia ni ndugu kabisa. Tumbo likiwa gumu kama ubao na nyonga zimechoka, sanduku linayumba lote.

Jambo ambalo wengi wanakosea ni kumpima mtu akiwa mbichi. Msuli unaweza kuwa na nguvu asubuhi na bado ukachoka upesi. Kwa hiyo mpime mara tatu siku moja: kabla ya chochote, baada ya vilima, na baada ya mrusho wa kumi na tano. Mbandike vipande viwili vya plasta kwenye ile mifupa miwili ya mbele ya kiuno. Weka simu kwenye stuli, usawa wa kiuno. Asimame mguu mmoja sekunde 30, kisha achuchumae nusu kwa mguu huo huo mara tano. Tazama kama plasta zinabaki kwenye mstari mmoja, kama goti linaingia ndani, kama kifua kinalala. Kisha alale ubavu, ajinyanyue kwa kiwiko na miguu, mwili unyooke, hesabu sekunde mpaka kiuno kishuke. Kulia na kushoto. Linganisha pande zote mbili, na linganisha kabla na baada.

Kuhusu vilima, mzee wangu Kongwe atanisamehe. Vilima ni vizuri, ila si kabla ya kurusha. Mnachosha nyonga kwanza, halafu mnaitaka ifanye kazi ngumu kuliko zote. Geuza ratiba wiki hii hii: pasheni mwili, rusheni mkiwa wabichi, vilima baadaye au siku nyingine. Na kiwiko kinachouma kwa ndani kisiongezewe mirusho. Akianza kusikia ganzi kwenye kidole cha pete na kidole kidogo, au kiwiko kikivimba, au akisikia kitu kimekatika, simamisha kila kitu na mpeleke hospitali.

Mwisho nina swali. Umesema anafanya kazi. Kazi gani, na saa ngapi? Hizo wiki mbili mbaya zinanipa wasiwasi.

Dada_Tufe_Kasulu

Naongeza yangu kidogo. Mimi narusha tufe, la kilo 4. Mwaka juzi nilisumbuliwa na mgongo wa chini miezi mitano. Kila niliyemuuliza aliniambia niimarishe tumbo, nikawa nalala kifudifudi juu ya viwiko dakika mbili, dakika tatu, hadi nikawashinda wanaume wa kikundi chetu. Mgongo ukaendelea kuuma.

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja mama mtu mzima, akaniambia nilale ubavu badala ya kifudifudi. Upande wa kushoto nikafika sekunde 50. Upande wa kulia, mguu ninaosukumia kuvuka duara, sikufika hata 20, nikaanza kutetemeka. Duara la tufe lina kipenyo cha mita 2.135 tu, ni padogo, na mguu wa kulia ndio unaobeba mwili wote kuanzia nyuma hadi katikati. Mimi nilikuwa nauchosha kila siku bila kujua, kwa sababu nilikuwa nabeba mtoto upande huo huo wa kulia kutwa nzima. Nikimbeba najipinda, kiuno nakitoa nje kuwa kama kiti.

Nilianza kumbeba mgongoni kwa kanga, na kulala ubavu kila asubuhi kabla ya kuchota maji. Wiki ya tano mgongo ulitulia. Kwa hiyo mwalimu, msikilize Fizio hapo aliposema kazi. Mwili wa mchezaji hauna mlango unaofunga kazi nje. Unakuja uwanjani nao kama ulivyo.

Mwalimu_wa_Kibirizi

Nimerudi baada ya wiki sita. Samahani kwa kukaa kimya, nilitaka nije na kitu kilichopimwa.

Fizio, swali lako la mwisho ndilo lililonifungua macho. Kijana ni mvuvi. Anavua dagaa na migebuka kwenye kipe cha tajiri mmoja. Kwa wasiojua: kipe ni mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, wavu unashushwa chini, taa zinawashwa juu, dagaa wakishajaa kwenye mwanga wavu unavutwa. Kazi hiyo ni ya usiku, na inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki vizuri, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Nilikuwa najua haya yote tangu nazaliwa, na sikuwahi kuyaunganisha na mkuki.

Nikachukua daftari langu la mazoezi na kalenda yenye mwezi, nikakaa mezani hadi saa sita usiku. Wiki zake mbaya zote ziko kwenye giza. Zote. Wiki anazorusha ishirini akicheka ni za mbalamwezi. Nikarudi nyuma zaidi: ile mita 57 na nusu aliirusha Julai 2024. Mwaka ule uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Vijana walikuwa nchi kavu miezi mitatu. Nilidhani alipanda kiwango kwa sababu ya mafunzo yangu, kumbe alikuwa amepumzika.

Nikamwomba twende wote ziwani usiku mmoja, tajiri akaruhusu. Nimeona kwa macho yangu. Anasimama upande ule ule kila wakati, mguu wa kushoto ameukanyagia ubavu wa mtumbwi, anavuta kamba huku mtumbwi unapanda na kushuka. Usiku ule wavu ulivutwa mara nne. Kila mvuto nyonga ya kushoto ndiyo nguzo. Mawimbi madogo nayo yanaifanyisha kazi hata wakati anapumzika. Tulirudi mwaloni alfajiri, mimi niliyekaa tu nikitetemeka mapaja. Yeye saa kumi jioni alitakiwa kuwa kwangu, apande vilima sita, arushe.

Vipimo nilifanya kama ulivyoelekeza. Siku ya mbalamwezi, kabla ya mazoezi: plasta ziko mstari mmoja, kulala ubavu wa kushoto sekunde 62, wa kulia 66. Siku ya giza, baada ya usiku wa kuvua na kabla hajagusa mkuki: kushoto 31, kulia 55. Kuchuchumaa mguu wa kushoto, mara ya tatu goti likaingia ndani na kifua kikalala kushoto, picha ile ile ya mrusho wa kumi na mbili. Nilimwonyesha mwenyewe akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo mkono wangu hauna kosa." Maneno hayo yalinichoma. Miezi miwili nilikuwa nikimwambia mkono wake dhaifu.

Tulichobadilisha ni hiki. Vilima tumevihamishia mwisho, na kwenye giza tumevifuta kabisa. Mbalamwezi anarusha kwa nguvu zote mara kumi na nane, dakika mbili au tatu za kupumzika kati ya mrusho na mrusho. Kwenye giza anarusha mara sita tu, kwa hatua tatu bila mbio, mguu wa kushoto unyooke, basi. Kipimo cha sekunde za ubavu ndicho kinachoamua: kushoto ikiwa chini ya 45 hatugusi mkuki siku hiyo. Namba hiyo nimeiweka mimi kwa kumtazama yeye, msiichukue kwa mtu mwingine.

Kwenye kipe amekubaliana na mwenzake wabadilishane upande kila mvuto. Wenzake walikataa mwanzoni, kila mtu ana mahali pake alipozoea, lakini mmoja naye anaumwa kiuno akasema tujaribu.

Mazoezi ya nyonga tunafanya mara tatu kwa wiki baada ya kurusha. Tumekata tyubu ya baiskeli, tunaivaa juu ya magoti, tunatembea pembeni kama kaa hatua kumi na tano kila upande. Kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu. Kulala chali na kunyanyua kiuno kwa mguu mmoja. Na ndoo ya maji ya lita kumi, anaibeba mkono wa kulia peke yake, anatembea mita arobaini bila kujipinda. Ndoo ikiwa kulia, kila anapokanyaga kushoto nyonga ya kushoto inalazimika kuzuia kiuno, nimeiona wazi kwenye video.

Matokeo: Ijumaa iliyopita, mbalamwezi, mrusho wa kwanza mita 55, wa kumi na tano mita 53 na kidogo. Kiwiko hakijauma wiki ya nne sasa. Bado hajaifikia ile 57 na nusu.

Kisahani_Kongwe

Mwalimu, nimesoma neno kwa neno. Nafuta ushauri wangu wa kurusha thelathini. Nimekumbuka wawili kati ya vijana wangu walioacha mchezo kwa bega, wote walikuwa wanatoka shamba la tumbaku la mzazi na kuja uwanjani moja kwa moja. Msimu wa kuvuna, kuinama na kubeba kutwa nzima. Niliwaita wavivu. Mmoja yuko Urambo bado, nitamtafuta nizungumze naye.

Jambo moja naomba nilijue. Kwa sisi wa kisahani, mtu wa mkono wa kulia anazunguka kwanza juu ya mguu wa kushoto. Nyonga ipi nianze kuitazama?

Fizio_Isevya

Mzee wangu, tazama zote mbili, ila anza na ya kushoto. Mzunguko mzima wa mwanzo, pale nyuma ya duara, mwili umesimama juu ya kushoto na unageuka. Nyonga ikilegea hapo, mchezaji anaangukia katikati ya duara badala ya kusukuma kwenda katikati. Halafu ya kulia, akitua katikati. Tumia kipimo kile kile cha plasta na simu.

Mwalimu, umefanya kazi ambayo wengi wetu wenye vyeti hatuifanyi, ya kumfuata mtu hadi anapopatia riziki. Nyongeza mbili. Usimwongezee mazoezi ya tyubu kwenye wiki za giza. Ziwani tayari anafanya zaidi ya hayo, punguza hadi mara moja nyepesi. Na usingizi. Akirudi alfajiri alale kabla ya kwenda kuuza au kuanika dagaa, hata kwa muda wa saa nne. Msuli uliochoka unarudi mtu akiwa amelala na amekula.

Mwalimu_wa_Kibirizi

Asante sana. Kuna mashindano ya mkoa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nimeangalia kalenda, ni giza tupu. Nimfanyeje?

Fizio_Isevya

Omba ruhusa ya usiku wa Alhamisi na Ijumaa, siku mbili zinatosha kumrudishia sehemu kubwa. Siku yenyewe asirushe zaidi ya mara tatu za kupasha mwili. Mashindano yanampa mirusho mitatu kwanza, na wanane bora wanaongezewa mitatu. Aweke nguvu zote kwenye mitatu ya mwanzo, nyonga ikiwa mbichi.

Mwalimu_wa_Kibirizi

Nimetoka kuzungumza na tajiri wa kipe sasa hivi, mwaloni. Alhamisi amekataa, siku hiyo anapeleka mzigo. Ijumaa amekubali, na Alhamisi ameahidi kijana akae kwenye taa, asivute kamba. Nikamshukuru, nikampigia kijana simu.